Mahali Tulipoishia Kusoma

Wapendwa, kulikuwa na mwanamke mmoja aliyesoma Neno la Mungu mbele za watu kwa zaidi ya miaka hamsini, naye hakujua kusoma.

Naona mnatabasamu. Ngojeni kidogo. Kicheko kina zamu yake katika mfano huu, na huenda zamu hiyo ikatufikia sisi.

Kituo cha polisi nitakachokisema msikitafute kwenye ramani, kwa maana hakipo. Chifu nitakayemsema msimtafute pia. Mkimtafuta mtampata, na huyo mtakayempata siye niliyemkusudia. Lakini watu wengine wa mfano huu nitawapa majina yao. Najua mifano mingi huenda bila majina: mtu mmoja, tajiri mmoja, mjane mmoja. Mimi nilipoingia darasa la kwanza nilipewa namba kumi na nne, na kwa miaka mitatu mwalimu hakuniita vinginevyo. Tangu hapo sipendi kumwacha mtu bila jina. Mwanamke huyu aliitwa Mghoi.

Mghoi alizaliwa kwetu milimani Taita, zamani za mkoloni, wakati shule ya misheni ilipokuwa ya wavulana. Wasichana walifagia uwanja na kumchotea mwalimu maji. Dirisha la darasa halikuwa na kioo. Kila Bwana Disii, mkuu wa wilaya wa kikoloni, alipokaribia kuja kukagua shule, wavulana walisimamishwa mstari, wakafundishwa kusema kwa ghibu aya chache za mtume Petro, zile zinazomwagiza Mkristo kuitii mamlaka, tangu mfalme mpaka wale waliotumwa naye. Walizirudia asubuhi, wakazirudia mchana, na aliyekosea neno moja alichapwa. Dirisha lile ninalijua, nilikuwa upande wa ndani. Mghoi alikuwa upande wa nje na ufagio wake, naye alizishika aya zote bila kupigwa hata kiboko kimoja.

Ndivyo alivyoshika na mengine. Alichosikia mara mbili kanisani hakikumtoka tena. Alipoolewa akajipatia Biblia, akaishonea mfuko wa kitambaa, na katika mikutano ya Umoja wa Akina Mama yeye ndiye aliyeitwa kusoma. Alisimama, akafungua, akapitisha kidole kwenye mistari, na sauti ikatoka bila kukwama. Wageni walisema, “Mama yule amesomeshwa wapi?” Hakuna aliyejua kwamba kidole kilikuwa kikitembea njia yake na mdomo njia yake.

Basi akaja kijana mmoja mwalimu, Mwanyalo, akafungua darasa la ngumbaru katika ukumbi wa kanisa. Ngumbaru, kwa watoto wenu wasiojua, ni masomo ya watu wazima ambao shule iliwapita. Darasa lilikuwa kila Jumatano asubuhi. Wakajiandikisha wanawake saba, na wa saba alikuwa Mghoi, mwenye miaka sabini na minne.

Wenzake wakashangaa. Wakesho, jirani yake, mwanamke mwenye mdomo, akamwambia, “Wee Mghoi, hata wewe? Umekuja kutuchunguza au umekuja kutusimanga?”

“Nimekuja kupumzisha macho,” akajibu, akaketi nyuma.

Siku ya kwanza Mwalimu Mwanyalo akamwomba asome. Mghoi akafungua Biblia yake, akaanza zile aya za mtume Petro. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake. Akatazama kidole, akatazama ukurasa. Ukurasa ule ulikuwa wa orodha ya makabila ya Israeli na idadi ya watu wao.  Mwalimu akainama taratibu, akafunua karatasi tatu mbele. Mghoi akaendelea na mtume Petro bila kukata pumzi.

Mngekuwa ninyi, mngefanya nini? Mngecheka? Mwalimu huyu hakucheka. Alingoja darasa liishe, wengine watoke, ndipo akamwambia, “Mama, mbona hukuniambia?”

 Mghoi akasema, “Mwanangu, ningemwambia nani? Ukishaitwa msomaji miaka hamsini, unamwambia nani?”

“Nitakufundisha. Lakini Biblia hii uiweke kando kwanza.”

“Niiweke kando?”

“Kwa kitabu hiki hutajua kusoma kamwe. Ukiona neno la kwanza tu, kichwa kinakimbia mbele, macho yanabaki nyuma. Nataka kitabu ambacho hujawahi kukisikia.”

Mlangoni mwa chumba cha kubadilishia mavazi palikuwa na boksi zito lililozuia mlango usifungwe na upepo. Ndani yake mlikuwa na vitabu vidogo vya Katiba ya nchi kwa Kiswahili. Vililetwa wakati wa kura ya kuipitisha, vikagawiwa vichache, vilivyobaki vikapewa kazi ya kuzuia mlango. Mwalimu akatoa saba.

Mghoi alipoambiwa ni kitabu gani akasimama. “Nimekuja kutafuta Neno kabla macho hayajazimika, na wewe unaninyang'anya Neno unanipa serikali?”

“Ninakukopesha serikali, mama. Neno utarudishiwa.”

Akakichukua kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika kitu cha mgonjwa.

Lakini akakisoma. Herufi kwa herufi, silabi kwa silabi. Ki-la m-tu. Kila mtu. Mwezi wa tatu alikuwa akisoma mstari mmoja bila kupumzika. Na kwa kuwa hakukijua, ilimlazimu akisikilize. Jambo lililomshangaza zaidi ni sehemu ile ya haki za mtu aliyekamatwa. Aliirudia mara nne. Akamuuliza mwalimu, “Hapa panasema mtu akikamatwa aambiwe mara moja sababu yake, tena kwa lugha anayoielewa?”

“Ndivyo.”

“Na afikishwe kortini kabla ya saa ishirini na nne kupita?”

“Ndiyo, mama. Labda iwe ni siku ambayo korti haifanyi kazi.”

“Nani aliyeyaandika haya?”

“Sisi. Tulipiga kura.”

“Mimi pia nilipiga,” akasema Mghoi. “Niliambiwa niweke alama kwenye rangi ya kijani, nikaweka. Kumbe ndiyo haya!”

Wapendwa, hebu tusimame hapo kidogo. Wangapi kati yetu tuliweka alama kwenye rangi?

Basi ikatokea kwamba chemchemi ya pale kijijini, ambako watu wa kizazi hata kizazi waliteka maji, ilizungushiwa ua wa waya. Chifu akaitisha baraza siku ya Jumatatu, akazungumza habari za usafi, za miche, za watoto kwenda shule. Alipouliza kama kuna swali, Mwalimu Mwanyalo akasimama, akasema kwa adabu kabisa, “Mheshimiwa chifu, tunaomba kujua ni nani aliyeamuru ua ule, na kama kuna barua, tuione.”

Hilo tu. Hakutukana, hakunyanyua mkono. Chifu akasema, “Unavuruga baraza.” Askari wawili wakamshika, wakamshusha hadi kituoni. Watu wakatazama ardhi. Mzee mmoja wa kanisa akasikika akisema, “Kijana huyu naye, maswali mengi.” Wakatawanyika.

Jumanne ikapita. Jumatano alfajiri mke wa mwalimu akapita nyumba kwa nyumba akilia. Ameambiwa kwamba mumewe atachukuliwa na gari la saa sita mchana, ateremshwe kituo kingine huko bondeni, mbali. Yeye alijua, na kila mtu alijua, kwamba mtu akishateremshwa bondeni kutoka kituo hata kituo, unaweza kumtafuta miezi ukiambiwa kila mahali, “Hapa hayupo, jaribu kwingine.”

Mghoi akafunga kilemba, akachukua kitabu chake kidogo. Akapita kwa Wakesho.

“Twende darasani.”

“Darasa gani? Mwalimu si amefungwa?”

“Ndiyo hivyo. Leo ni Jumatano. Darasa lipo palipo na mwalimu.”

Saa nne asubuhi wanawake saba wakaingia kituoni, mdogo wao akiwa na miaka hamsini na minane. Nyuma ya kaunta alikuwa sajini mmoja, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, aliyehamishiwa kwetu kutoka upande wa magharibi. Mkuu wa kituo hakuwapo. Mghoi akamsogelea hadi pua yake ikakikaribia kibao cha jina kilichokuwa kifuani mwa sajini. Sajini akarudi nyuma hatua moja.

“Kha,” akasoma Mghoi. “Kha-e-mba. Khaemba. Hujambo, Bwana Khaemba.”

Sajini akashtuka. Hapo watu walimwita afande, na wengine hawakumwita chochote, walitazama viatu vyao tu. “Sijambo, nyanya. Niwasaidie nini?”

“Tumekuja darasani.”

“Hapa ni polisi, nyanya.”

“Najua. Imeandikwa pale nje, nimeisoma. Lakini mwalimu wetu uko naye ndani. Hatutaki kukusumbua. Tutakaa hapa tusome, na tukikwama utamwuliza.”

Wakaketi kwenye benchi lile refu, saba, wakafungua vitabu. Wakaanza, kila mmoja na ukurasa wake, kila mmoja na mwendo wake. M-tu. Mtu a-li-ye. Ha-ki. Haki ya. Kukaa ki-mya. Mmoja amefika juu, mwingine yuko chini, mwingine amekwama kwenye neno *mahakama* na anarudia kama gari lililokwama matopeni: ma-ha, ma-ha, ma-ha.

“Nyamazeni basi!” akasema sajini.

“Hatujui kusoma kwa kunyamaza, mwanangu,” akajibu Wakesho. “Hatujafika huko. Mwalimu alisema ni mwaka wa pili.”

Kutoka nyuma, ndani ya seli, sauti ya mwanamume ikasema, “Ma-ha-ka-ma, Mama Samba. Endelea.”

Wote wakainua vichwa: ni sauti ya mwalimu. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwao kujua kwamba yu hai na kwamba hajateremshwa. Mghoi akasimama.

“Bwana Khaemba, mwalimu wetu ameandikwa kwenye kitabu chako?”

Sajini akakivuta kitabu cha matukio, akatafuta Jumatatu. Kulikuwa na mstari mmoja: *Mwanamume mmoja, mchochezi.* Hakukuwa na jina. Mghoi alikuwa ameinama juu ya kaunta akisoma pamoja naye, maandishi yakiwa yamepinduka, maana kitabu kilimwelekea sajini. Akasoma polepole, lakini akafika.

“Ana jina,” akasema. “Anaitwa Mwanyalo. Liandike.”

Sasa mtu huyu, Khaemba, hakuwa mtu mbaya. Sikilizeni, maana tunapenda kusikia kwamba mwenye sare ni Farao. Alikuwa mkristo, alikuwa ameokoka, alikuwa akitoa ushuhuda. Akafunga kitabu, akazungumza kwa upole kabisa.

“Mama, Bwana asifiwe.”

“Asifiwe sana.”

“Mimi na wewe ni watu wa wokovu. Mambo haya ya haki, haki, ni ya wanasiasa. Sisi tumeagizwa tutii mamlaka. Mtume Petro anasema...” Na akaanza kusema kwa ghibu zile aya.

Mnafikiri Mghoi alifanya nini? Alizidakia. Kwa miaka sitini zilikuwa zikikaa mdomoni mwake, zilitoka zenyewe. Wakaenda pamoja, sajini upande huu wa kaunta na bibi upande ule, neno kwa neno, mfalme, na waliotumwa na mfalme, na kuwalipiza waovu, na kuwasifu watenda mema, na kuziba vinywa vya ujinga wa watu wapumbavu. Na hapo, kwenye neno hilo *wapumbavu*, wakanyamaza wote wawili kwa pamoja. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na neno lingine.

Wakatazamana. Wakesho, ambaye hawezi kuacha, akasema, “Amina. Sasa mpumbavu ni nani hapo?”

Hata sajini akacheka.

Mghoi hakucheka. Akasema, “Haya, mwanangu. Hayo mimi na wewe tunayajua bila kutazama. Sasa tusome haya ambayo tunayatazama bila kuyajua.” Akamwekea kile kitabu kidogo juu ya kaunta, kikiwa kimefunguliwa. “Soma wewe. Mimi nitachelewa, na gari ni saa sita.”

Sajini Khaemba alikuwa polisi kwa miaka kumi na tisa. Kitabu hicho alikuwa amekiapia. Akakisoma kwa sauti, mwanzoni haraka haraka kama mtu anayesoma orodha, kisha polepole. Aliyekamatwa aambiwe sababu. Mara moja. Kwa lugha anayoielewa. Aruhusiwe kuzungumza na wakili, au na mtu mwingine wa kumsaidia. Afikishwe mahakamani kabla ya saa ishirini na nne kwisha. Alipofika hapo akatazama saa ya ukutani, kisha akahesabu kwa vidole tangu Jumatatu.

“Nani amekupa hiki, nyanya?”

“Kilikuwa kinazuia mlango kanisani.”

Sajini akachukua simu, akampigia chifu. Wanawake wote waliisikia sauti ya chifu, kwa sababu yeye kwenye simu huzungumza kama yuko barazani.

“Chifu, huyu mwalimu, nimwandikie kosa gani?”

“Andika lolote!”

“Lolote lipi, chifu?”

“Lolote, Khaemba! Tangu lini unauliza?”

Sajini akaitazama kalamu. Mbele yake walikuwa wanawake saba wamejipanga kwenye kaunta, shingo ndefu, macho kwenye kile kitabu kikubwa, wakisubiri kusoma atakachoandika. Wapendwa, kumbukeni kwamba mwezi wa kwanza wa mwaka ule neno *lolote* lingetosha. Mbele ya watu wasiojua kusoma, lolote ni kosa. Lakini siku ile hapakuwa na nafasi ya kuliandika.

“Chifu,” akasema, “siwezi kuandika lolote.” Akaweka simu chini.

Akaandika jina kamili, Mwanyalo, akaandika saa na tarehe, akaandika kwamba hapakupatikana kosa, kwamba ameachiliwa. Kisha akachukua funguo.

Gari la saa sita likaja, likaondoka bila mtu.

Mwalimu alipotoka, uso umevimba kwa kukosa usingizi, wanawake walipiga vigelegele mpaka kuku wa kituoni wakatawanyika. Wakesho akataka waende moja kwa moja nyumbani kwa chifu, wazunguke nyumba yake, wamwimbie nyimbo anazostahili. “Leo tuko huru! Nani atatugusa?” Nyimbo zenyewe alikuwa nazo tayari, mistari miwili aliionjesha hapohapo, nami siwezi kuirudia mimbarini.

Mghoi akasema, “Ngoja kwanza. Mwalimu, uliniahidi kitu.”

Mwalimu akaelewa. Jioni hiyo hiyo, kabla hajaoga, akaenda kwenye kabati la ukumbini alimokuwa ameihifadhi, akamrudishia Biblia yake katika mfuko wake wa kitambaa.

Mghoi akaitafuta ile aya. Mara hii aliitafuta kwa macho. Ilimchukua muda mrefu kumpata mtume Petro, kwa maana hakujua anaishi upande gani wa kitabu. Alipompata akaanza kusoma, silabi kwa silabi, maneno aliyoyasema maisha yake yote. Yalikuwa yale yale. Akafika kwenye *wapumbavu*. Mdomo ukataka kusimama, kama punda anayejua lango la kwao.

Lakini macho yaliona kwamba mstari haukuishia hapo.

Ka-ma. Wa-li-o. Hu-ru.

Akarudi, akasoma tena, akidhani kidole kimeruka. Hakikuruka. Mtume hakuwa ameweka hata nafasi ya mtu kupumua. Baada ya wapumbavu, neno linalofuata ni kwamba tuenende kama watu walio huru. Tena kwamba uhuru huo tusiufanye pazia la kufichia ubaya, bali tuwe watumwa wa Mungu.

Akakaa nayo. Kisha akamwita Wakesho, akamsomea mpaka pale penye pazia. Wakesho akasikiliza, akakunja uso, akasema, “Basi nyimbo zangu nizitupe?”

“Zihifadhi. Barazani tutakwenda na swali lile lile la mwalimu, na tutampa chifu kiti na maji ya kunywa. Lakini jibu atatoa.”

Na asubuhi Mghoi akashuka tena kituoni, peke yake, na mfuko wa kitambaa kwapani. Sajini Khaemba alipomwona mlangoni akashika kichwa.

“Nyanya, leo tena? Leo hatuna mtu ndani, naapa. Njoo uangalie.”

“Sijaja kwa ajili ya mtu. Nimekuletea kilichobaki.”

Akaifungua Biblia juu ya kaunta, mahali palepale alipokuwa ameweka kile kitabu kidogo. Akamwonyesha kwa kidole, na mara hii kidole na mdomo vilitembea njia moja. Sajini akasoma. Akasoma tena.

“Hii ilikuwapo?”

“Ilikuwapo. Wewe nani alikufundisha hizi aya?”

“Babu. Alikuwa askari wa mkoloni. Walifundishwa kabla ya gwaride.”

“Na aliishia wapi?”

“Hapo hapo ulipoishia wewe, nyanya.”

“Mimi nilizidaka dirishani kwa mwalimu wa misheni,” akasema Mghoi. “Babu yako alipewa gwarideni, ili akamate. Mimi niliziokota uwanjani, ili nikamatwe. Na wote tulikatiwa mahali pamoja.”

Wapendwa, sina mengi ya kuongeza, ila nizungumze nanyi waziwazi, nikianza na mimi niliyekuwa upande wa ndani wa dirisha.

Aya ile niliisema mbele ya Bwana Disii nikiwa na kaptula iliyopigwa pasi. Nilipewa peremende. Nikaisema nikiwa kijana, nikaifundisha nikiwa mwalimu wa shule ya Jumapili, na mara nyingi nikawatuliza watu kwayo. Walipokuja kuniuliza habari za shamba lililochukuliwa, au za mtoto aliyefungwa, niliwapa mpaka *wapumbavu*, nikafunga kitabu. Biblia ilikuwa mkononi mwangu. Kusoma nilijua. Mghoi wa mfano alikuwa na udhuru wa macho. Mimi nilikuwa na udhuru gani?

Je, sisi hatuko hivyo? Tunasema Mkristo wa kweli hajui mambo ya katiba. Lakini mtume Paulo, alipokwisha kufungwa kamba ili achapwe, hakuimba wimbo. Aliuliza swali moja tu la kisheria, kama ni halali kumpiga raia ambaye hajahukumiwa, na waliokuja kumpiga wakaogopa wao. Aliijua sheria ya nchi yake, na kuijua hakukumpunguzia wokovu hata kidogo. Mwalimu Mwanyalo aliuliza swali la namna hiyo hiyo, na mzee wetu wa kanisa akasema, “Maswali mengi.”

Simlaumu Bwana Disii leo. Amekwenda zamani, na mahali alipokatia aya hakuna anayetulinda tena tusipite. Tunajilinda wenyewe. Na wengine wetu, tulipoamka, tumeruka mpaka kwenye *huru* tukaishia hapo, tukaacha ile ya pazia na ile ya watumwa wa Mungu. Nasi pia tumeishia katikati ya mstari. Anayetaka kumtii Mungu katika jambo hili na asome mpaka mwisho wa sentensi.

Lile boksi, ndugu zangu, lipo. Si la mfano. Mlipoingia asubuhi hii mmelipita, liko chini pale kwenye mlango wa chumba cha mavazi, nami ndiye niliyeliweka miaka kadhaa iliyopita kwa sababu upepo ulikuwa unanisumbua wakati wa mahubiri. Nililifungua jana. Vitabu vina vumbi, lakini panya hawajavigusa.

Baada ya baraka, mkitoka, kila mmoja achukue kimoja. Mlango na upigwe na upepo.